Rafu ya Mbele na Ukurasa Uliokataa Kufunguka

Shida zangu zilianza mwaka wa 1965, nikiwa na miaka tisa. Mwaka huo mvua ilikataa kwetu Ukambani, ng'ombe wa baba wakafa mmoja mmoja mpaka zizi likabaki na samadi kavu tu, na mimi nikatolewa shule darasa la tatu. Hakuna aliyenibembeleza. Baba alisema kalamu haitafuniki. Nikapelekwa Nairobi kwa mjomba, ndugu wa mama, aliyekuwa akichonga vinyago. Mjomba ndiye aliyenishikisha tezo. Alinifundisha kwa makofi, nami nikajifunza upesi, kwa sababu anayefundishwa kwa makofi hana muda wa kuuliza maswali.

Nayasema haya mapema kwa sababu ninachotaka kuandika ni habari ya kompyuta, na watu wakisikia mtu wa darasa la tatu anaandika habari ya kompyuta wanacheka. Wacheke. Mimi nilikuwepo.

Kufikia miaka ya tisini nilikuwa mwenyekiti wa chama cha wachongaji. Banda letu lilikuwa soko la Gikomba, upande wa maseremala, mahali ambapo vumbi la mbao huingia hata kwenye chai. Tulikuwa zaidi ya ishirini, wengi wetu watu wa nyumbani, na mkubwa wetu kwa umri alikuwa mjomba yuleyule. Mimi niliongoza mikutano, lakini neno la mwisho lilikuwa lake. Kila mtu alijua hivyo, na mimi nilikuwa wa kwanza kujua.

Sasa sikiliza desturi yetu, maana usipoielewa hutaelewa ugomvi. Mbele ya banda kulikuwa na rafu moja ndefu. Kila mwanachama alikuwa na kinyago chake kimoja pale, na hakuna kinyago kilichosimama mbele ya kingine. Mgeni akija, anaviona vyote kwa mpigo mmoja. Ukiwa na mgeni wako mwenyewe, huruhusiwi kumwonyesha chako kwa kidole. Na tukitaka kumfukuza mtu, mwizi au mlevi wa kupitiliza, hatukumwitia mkutano. Alikuja asubuhi akakuta kinyago chake kimetolewa kwenye rafu, kimewekwa nyuma chini kwenye mabaki ya mbao. Alichukua tezo yake akaenda. Hakuna aliyemwambia neno, naye hakuuliza.

Aliyenunua vitu vyetu alikuwa dalali mmoja mwenye pikapu. Alikuja kila Ijumaa, akakaa kwenye kigoda cha mjomba bila kuombwa, akachagua, akataja bei, akaenda. Tulizoea. Mtu huzoea hata kiatu kinachombana.

Siku moja mwaka wa 1998 akaja bandani mama mmoja wa Kizungu. Alikuwa na duka kwao ng'ambo. Alikuwa amenunua twiga wetu hotelini mjini, akaulizauliza mpaka akafika kwa waliomchonga. Akataja bei aliyomnunua. Nilikaa chini kwenye gogo. Huyo twiga nilimchonga mimi, na alichonipa dalali hakikufika hata mkia wake. Yule mama akasema angependa kununua kwetu moja kwa moja, lakini hawezi kusafiri kila mara. Atahitaji kuona vitu vyetu akiwa kwake. Akaniachia kadi yake, akaondoka.

Ijumaa dalali alipokuja nilikuwa nimeficha kigoda.

"Mwenyekiti, leo naona mgeni hapewi kiti," akasema.

"Viti viko hoteli. Kaa huko, kwa wale wanaouza twiga wangu bei ya ng'ombe."

Alicheka. Alikuwa na kicheko kizuri, siwezi kumnyima hicho. "Kumbe ni hilo tu! Sasa wewe utampeleka twiga hoteli na hii miguu ya vumbi? Askari wa mlango atakufukuza kabla hujasema jambo."

"Toka hapa. Na usikanyage tena."

Misasa ya wachongaji ikaacha kusugua. Dalali akasimama, akajipangusa suruali ingawa hakuwa amekaa.

"Natoka," akasema. "Lakini siku utakuja dukani kwangu, na utakuja, uje umevua kofia."

Hayo maneno ndiyo yaliyoniendesha miezi yote iliyofuata. Watu wengine huendeshwa na njaa. Mimi nilikuwa na njaa pia, lakini ile kofia ilinikaa shingoni zaidi. Chama kikakubaliana kwamba hatumwuzii tena. Mjomba alikubali pia, ingawa alisema, "Umefunga mlango kabla hujajua kama dirisha lipo."

Dirisha nililitafuta mtaa wa Huruma, nilikokuwa nimepanga. Mkabala na jengo letu, juu ya bucha, kulikuwa na chuo kidogo cha kupiga chapa na kompyuta, chumba kimoja na pazia katikati. Mwenyewe alikuwa mwanamke wa kutoka upande wa Murang'a, mfupi, mwenye sauti ya kuuza mboga. Nilimwita mwalimu, naye aliniita mzee ingawa sikuwa mzee bado. Nikampa ile kadi, nikamweleza.

Akaniambia ipo programu ya kuwasaidia wauzaji wadogo waonyeshe vitu vyao kwenye intaneti. Walikuwa wakiitengeneza watu wachache waliotawanyika nchi mbalimbali, na yeye ni mmoja wao. Hawajawahi kuonana. Wanaandikiana barua pepe. Programu hiyo haina mwenyewe, kila mtu anaweza kuifungua tumbo na kuirekebisha. Siku hizi wanaziita programu huria.

"Nani anakulipa?" nikamwuliza.

"Hakuna."

"Basi unafanya kwa nini?"

"Wewe uenyekiti wanakulipa ngapi, mzee?"

Nikaona heri nimwombe aanze kazi.

Alikuja Gikomba na kamera, akapiga picha, filamu ikasafishwa mjini, picha akaziingiza kwenye kompyuta. Kabla ya kuzipanga alitushauri. "Ukurasa wa kwanza tuweke picha chache tu. Nyingine zikae ndani, mtu akitaka atabonyeza azione."

Mjomba akauliza neno moja. "Za nani?"

Mwalimu hakuelewa swali. Sisi sote tulielewa. Nikamweleza habari ya rafu, nikamwambia vyote vikae mbele, vyote sawa kwa ukubwa, au hakuna kazi. Nilisema kwa sauti kubwa, kama mwenyekiti. Mjomba akaongeza, "Na nyati wangu aonekane mpaka kope. Nimemchonga kope, sikumchonga za kufichwa."

Yule nyati alikuwa wa mpingo, ameinamisha kichwa kama anayefikiria kama utamfaa au hutamfaa. Sijaona mwingine kama yeye.

Jumamosi mchana tukaenda Huruma kuangalia kazi, wachongaji sita na mjomba mbele. Tulijazana nyuma ya pazia mpaka wanafunzi wa chapa wakaondoka wenyewe. Mwalimu akachomoa waya wa simu akauchomeka kwenye kompyuta, ikalia kama kuku anayechinjwa na mtu asiyejua. Halafu ikanyamaza. Skrini ikawa nyeupe.

Tukangoja.

"Hii ndiyo intaneti?" mmoja wetu akauliza.

"Bado inakuja," mwalimu akasema.

"Inatoka wapi?"

"Ng'ambo. Picha zinakaa kwenye kompyuta ya mradi wa ile programu, huko ng'ambo."

"Kumbe nyati wetu ameshafika ng'ambo kabla yetu! Na sisi tunalipa nauli ya kumrudisha?"

Wakacheka. Tukangoja tena. Mtu akatoka kwenda kununua sigara, akaivuta yote, akarudi. Nyeupe.

"Mwalimu, hii si shuka umetuanikia?"

"Ni ukurasa. Ni mzito."

"Mzito na hauna kitu! Mimi nina shemeji wa namna hiyo."

Mjomba hakucheka. Alikuwa ameegemea fimbo, macho kwenye ile nyeupe, kama mtu anayengoja jeneza lishushwe kwenye gari. Mwisho laini ikakatika, na mwalimu akasema tujaribu siku nyingine. Mjomba akavaa kofia yake akaniambia kwa Kikamba neno ambalo sitaliandika.

Siku chache baadaye ikaja barua pepe ya yule mama. Mwalimu alinisomea kwa Kiswahili. Alisema amejaribu mara nyingi kufungua ukurasa wetu kwa laini ya simu ya nyumbani kwake. Alikwenda akapika chai, akarudi, akaona nyeupe tupu. Alisema anachagua vitu vya duka lake kabla ya Pasaka, na asipoviona vyetu, samahani, atachukua vya wengine.

Nyumbani mama watoto hakuwa na subira na habari hizo. Alikuwa akiuza githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, pale chini ya jengo, na sufuria yake ndiyo iliyokuwa ikitulisha tangu dalali aondoke.

"Ule ukurasa umefunguka?"

"Bado."

"Ukifunguka utaniambia kama una maharagwe ndani."

Nikarudi kwa mwalimu, nikamwambia anieleze ugonjwa kama anavyomweleza mtoto, lakini asinidanganye. Akanieleza. Programu ile imeupanga ukurasa kama rafu moja. Kompyuta ya anayetazama inakataa kuonyesha chochote mpaka iwe imepima rafu nzima, kitu cha kwanza hadi cha mwisho. Kitu kimoja kikichelewa njiani, huoni hata kimoja. Na vitu vyenyewe ni picha kubwakubwa. Kwa hiyo kazi ni mbili. Ya kwanza ni kuifundisha programu ionyeshe kila picha inapofika. Hiyo anaweza kuiandika yeye mwenyewe. Lakini ukurasa wetu unakaa bure kwenye kompyuta ya mradi, na huko inatumika programu iliyokubaliwa na wasimamizi wake, watu wawili. Wao wakikataa, rekebisho lake ni karatasi tu. Ya pili ni kutoa picha mbele.

"Ya pili sahau," nikamwambia. "Fanya ya kwanza."

Akaifanya kwa wiki moja, huku akifundisha chapa. Akaituma. Wasimamizi wakajibu kwa heshima sana. Walisema wamefungua ukurasa wetu na huko kwao umefunguka mara moja. Hawaoni tatizo. Walikuwa wakifanya kazi vyuo vikuu, mwalimu akanieleza, na laini zao si kama zetu. Akaandika tena kuwaambia hivyo. Wakajibu kwamba huenda tatizo ni kompyuta yake. Akaandika kwamba hata yule mama mwenye duka, aliye nchi kama zao, haoni kitu. Wakajibu kwamba watalifikiria likija toleo lijalo.

"Toleo lijalo ni lini?" nikauliza.

"Wakipata nafasi. Nao hawalipwi, mzee."

Nilisimama nikatembea kile chumba, hatua tatu kwenda na tatu kurudi, nafasi haikuwepo ya hasira zaidi. Ningejua pa kuwakuta ningeenda. Mtu akikudhulumu Gikomba unamjua, unamfuata, mnakamatana mashati, watu wanawaamua, yamekwisha. Hawa walinidhulumu kwa adabu. Walinitakia wiki njema mwisho wa kila barua.

"Waandikie," nikamwambia mwalimu, "waambie aliyeshiba hamjui mwenye njaa."

"Nimeshawaambia kwa njia yangu."

"Waambie kwa njia yangu!"

Akaandika. Sijui aliigeuzaje kwa Kiingereza. Hawakujibu kabisa.

Bandani mambo yakawa mabaya. Vinyago vilijaa mpaka tukavifungia kwenye magunia. Vijana wetu wawili wakaenda kusukuma mikokoteni ya mitumba, na tezo zao zikabaki zimening'inia ukutani. Kila asubuhi mtu aliniuliza, "Mwenyekiti, umefunguka?" nami nikajibu, "Bado," mpaka ikawa ndiyo salamu. Niaje ya Gikomba ilikuwa ukurasa. Na Ijumaa moja nikaona ile pikapu ikipita polepole nje ya banda. Haikusimama. Dalali alinipungia mkono tu, mkono wa mtu asiye na haraka.

Halafu siku moja mwalimu akanipigia kelele kutoka dirishani mwa chuo, mimi nikiwa chini kwenye githeri.

"Mzee! Wamekubali!"

Nikapanda ngazi mbio. Kumbe mmoja wa wale wasimamizi alikuwa amekwenda likizo kwa mama yake shambani, na huko simu ni mbovu kama yetu. Akajaribu kufungua ukurasa wa mradi wake mwenyewe, akaona nyeupe. Akaandika barua ya unyenyekevu, akaliingiza rekebisho la mwalimu siku hiyohiyo.

Mwalimu alikuwa akiruka kwa furaha. Mimi nilikasirika upya. Barua zetu zote, na yule mama mwenye duka, na watoto wetu, havikutosha. Ilibidi mpaka yeye mwenyewe akae kiti cha mama yake akangoja. Sijamsamehe mpaka leo, na sidhani anajua kwamba kuna mtu wa kumsamehe.

Tukafungua ukurasa. Kweli sasa maneno yalikuja kwanza, halafu picha ya kwanza ikashuka taratibu kutoka juu, kama pazia. Halafu ya pili. Ya tatu ilipofika kwenye masikio ya mnyama, laini ikakatika.

Na hapo ndipo msiba wenyewe ulipoanza. Nataka ulielewe hili vizuri. Ukurasa ulipokuwa hauonyeshi kitu, sisi sote tulikuwa sawa. Ulipoanza kuonyesha, tukajua nani yuko mbele.

Pasaka ilikuwa imebaki wiki mbili. Nikaita mkutano bandani.

"Picha ya kwanza ni ya nani?" mmoja akauliza, akijua.

Ilikuwa twiga wangu. Mwalimu alikuwa amemweka kwanza bila nia mbaya, kwa kuwa mimi ndiye niliyemletea kadi.

"Ahaa! Mwenyekiti yuko mbele, sisi tunakuja na laini ikikatika."

"Basi mjomba awe wa kwanza," nikasema. "Ni mkubwa wetu."

"Na wa pili?"

"Tupige kura."

"Kura! Na mama akichoka kwa wa tatu, mimi wa kumi na tano nimechonga kwa ajili ya nani? Nzi?"

Walipiga kelele mpaka maseremala wa jirani wakaja kusimama mlangoni. Mtu alisema tugeuze kila siku, leo huyu, kesho yule. Mwingine akasema mama anatazama siku moja tu, kwa hiyo ni bahati nasibu, na yeye mlokole hachezi bahati nasibu. Mjomba alikaa kwenye kigoda chake na fimbo katikati ya magoti. Alikuwa akiningoja mimi.

Nikasimama. Nilisema hivi: desturi inasema hakuna anayesimama mbele ya mwingine. Basi asisimame yeyote. Tunatoa picha zote mbele. Ukurasa wa kwanza utakuwa na maneno tu: wanyama, mabakuli, vijiko, watu. Mama atabonyeza anachotaka, ataingia ndani, atakuta huko picha ndogo ndogo, na akipenda kimoja atabonyeza tena akione kikubwa. Mlango mwepesi, na sote ndani. Niliona ni haki. Hata leo naona ilikuwa haki.

Walinung'unika, wakakubali mmoja mmoja, kwa sababu hakuna aliyeona mwenzake akipata zaidi. Nikamgeukia mjomba.

"Unamtoa nyati wangu mbele," akasema.

"Natoa vyote, mjomba. Hata wangu."

"Sikukuuliza wako."

Akanyanyuka. Alikwenda kwenye rafu, ile rafu ya mbao, ambayo hakuna aliyekuwa ameigusa wala kuitaja, akamchukua nyati kwa mikono miwili, akamtia kwenye gunia. Nilitaka kumsaidia kubeba, maana mpingo ni mzito na yeye alikuwa na mgongo. Akanitazama tu, na mkono wangu ukarudi wenyewe. Akachukua tezo yake. Watu wakampisha njia. Hakuna aliyemwambia neno, naye hakuuliza, na hiyo ndiyo desturi yetu ilivyo.

Kesho yake mwalimu akaupanga ukurasa upya, akapunguza ukubwa wa picha zote. Tulipofungua sikuwahi hata kukaa vizuri kwenye kiti. Ulikuwa umeshafika, mweupe na maneno yake manne meusi, mwepesi kama karanga tupu. Mwalimu alipiga makofi. Alinitazama nami nipige. Nilimwambia asante, na nilimaanisha, lakini mikono haikupanda.

Yule mama aliona. Aliagiza kabla ya Pasaka, mabakuli zaidi na vijiko, na twiga kadhaa, na aliendelea kuagiza miaka mingi. Wale wa mikokoteni wakarudi kwenye tezo zao. Mama watoto akaniambia, "Kumbe una maharagwe," na hiyo ndiyo sifa kubwa zaidi niliyowahi kupewa nyumbani. Dalali hakupata mchongaji mwingine kwetu isipokuwa mmoja. Mjomba alianza kuchongea kwake, kwenye kibanda nyuma ya chumba chake, akamwuzia yeye, kila Ijumaa.

Nilimfuata. Jumapili moja baada ya ibada nilimsubiri mlangoni mwa kanisa.

"Jambo, mwenyekiti," akaniambia. Tangu nizaliwe alikuwa hajaniita mwenyekiti.

"Mjomba, rudi. Nafasi yako kwenye rafu iko vilevile. Hatujaweka kitu."

"Na kwa ile shuka yenu?"

"Kwa ile hakuna mtu mbele. Hakuna hata mmoja."

"Hata wewe?"

"Hata mimi."

Akaweka kofia yake sawa. "Basi mlijifukuza wote," akasema. "Mimi niliondoka mapema tu."

Hatukuzungumza tena habari hiyo. Alikufa miaka michache baadaye, na nilibeba jeneza upande wa kulia mbele, mahali pangu kama mpwa. Baada ya mazishi nikasikia kwamba nyati yuko kwenye duka la dalali mjini. Dalali hakuwa amemuuza. Alikuwa amemweka dirishani, peke yake, kitambaa chekundu chini, hakuna kitu mbele yake wala kando yake.

Nilikwenda. Alikuwa amezeeka, dalali, lakini kicheko kilikuwa kilekile. Aliponiona mlangoni hakucheka. Aliitazama kofia yangu tu. Nikaivua.

Akataja bei yake. Sikupunguza hata senti.

Leo nina nyumba ya mawe ya ghorofa mbili Kayole, na wapangaji. Nina shamba nyumbani lenye kisima. Nina banda Gikomba, sehemu yangu. Nina tezo tatu, patasi, na jiwe la kunolea. Nina watoto wanne waliomaliza shule. Nina simu ambayo ukurasa wetu unafunguka juu yake kabla hujainua kidole. Nina kofia mbili. Nina nyati mmoja wa mpingo, mwenye kope, amekaa mbele, juu ya kabati la sebuleni.